Kilio cha Mama Ndaya ndani ya Galeri

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kenani, kwenye kambi ya wakimbizi, Chef wa bureau, mukubwa wa ofisi, alitazama mvi zangu akasema: "Papa, mukalimani ana sheria moja tu. Usiongeze, usipunguze." Mimi nilikuwa nimeuza samaki miaka mingi pande zote mbili za ziwa, Kiswahili na Kibemba viko vyote mudomoni, na Kifaransa nilijifunza shuleni. Nikajiambia, hii nayo ni kazi?

Kumbe ni kazi, wanangu! Kuna kutafsiri kwa zamu: mutu anasema kiasi cha pumzi moja, ananyamaza, weye unafuata. Kuna kwa sikio: unakaa nyuma ya mugeni, unamunong'oneza, na shingo inakuuma wiki nzima. Mama Ndaya nilimupata huko Kenani, ametoka tu kwenye mutumbwi. Chef aliuliza, "Bwana yako iko wapi?" Alijibu neno moja: "Maji." Nikatafsiri neno moja. Macho yake yalikuwa makavu kabisa, na maiti haikuonekana hata leo.

Nilipita tribunali ya Chienge, kwa jaji mukali asiyependa kikohozi, halafu nikamalizia Nchelenge, kwenye galeri ya sanaa ya sasa, ndani ya nyumba ya zamani ya barafu ya samaki. Mukubwa wake, Madame Directrice, alikuwa muzungu wa moyo safi ila wa haraka. Alijua Kifaransa tu, basi kila neno lake kwa watu lilipitia kwangu.

Jioni moja Mama Ndaya, yule wa mutumbwi, alifanya performansi, maana yake mutu anaonyesha sanaa kwa mwili wake mwenyewe, mbele ya watu. Baadaye ingefuata deba, watu waulize maswali. Alitandika mukeka, akaweka juu yake shati la mwanaume, akaketi chini, miguu amenyoosha. Lo, yule mama!

Halafu mama mumoja Mubemba, muuza chisense, wale samaki wadogo wakavu, alivua kandambili, akafunga kitenge vizuri, akaketi kwenye sima, ile saruji ya chini, karibu naye. Akapiga kilio: "Mayo! Mayo we!" Wenzake wakamufuata. Wanaume nao wakasimama mumoja mumoja, wakatoka nje.

Madame alinishika mukono. "Papa, wanaondoka! Waambie hii ni sanaa, hakuna mutu aliyekufa. Warudi kwenye viti, tuanze deba."

Mimi nilijua wanaume wanakwenda wapi. Kwetu, kwenye kilio, wanawake wanakaa chini ndani, wanaume wanakaa nje kwenye moto. Walikuwa wanatafuta kuni. Niliinua mikro, nikamutazama Mama Ndaya. Machozi yalikuwa yanamushuka mpaka shingoni. Wakisikia ni muchezo tu, watasimama kwa haya, naye atabaki na shati lake peke yake tena.

Nikashusha mikro. "Madame, hii sitafsiri."

"Ni kazi yako!"

"Ndiyo, Madame. Nifukuze kesho."

Alikasirika kweli. Moshi ukaingia mulangoni, akaenda kuchungulia, akawaona wanaume wamezunguka moto, kofia ziko magotini. Aliporudi, uso wake ulikuwa mwekundu. "Wanamulilia nani?"

"Bwana ya Mama Ndaya. Maiti haikuonekana, basi hakuliliwa hata siku moja."

Madame akavua viatu, akaketi kwenye sima. Mimi nilimupenda sana siku hiyo.

Deba ilikuwa na swali moja, la yule muuza chisense: "Mama, marehemu aliitwa nani?" Nikatafsiri.

"Kasongo," alisema Mama Ndaya. "Alikuwa anapika bukari mubaya, ugali wa mabonge tu, Mungu wangu! Lakini alikuwa ananipikia." Wakacheka na machozi yao.

Madame hakunifukuza, ni magoti yalinistaafisha. Siku hizi vijana wa ukalimani wananiuliza kama ile sheria ya Chef ni ya kweli. Ninawaambia, ishikeni. Mimi niliivunja mara moja, na sijutii.

Kesho yake, baada ya ile jioni, wamama walimupelekea Mama Ndaya unga na kuni, kama kwenye nyumba yoyote ya kilio. Alipita kwangu, kitambaa cha kilio kichwani.

"Papa," alisema, "leo ndio niko mujane."