Mzee wa Kanisa Aliyezikwa Bila Kuchekwa

Majina yao wote ninayo kichwani, wanafunzi wa chuo cha Biblia, wake zao na watoto wao, lakini hapa sitaji hata moja. Wengine wana wajukuu wanaojua kusoma. Mume wangu alifundisha pale chuoni Mtwara miaka ile ya sitini kwenda sabini. Mimi niliishia darasa la nne, nikapewa kuwafundisha wake wa wanafunzi: kusoma Biblia, kushona, kuuguza. Jumapili jioni vijana wa chuo cha ualimu walikuja uani kwetu, mtaa wa Ufukoni, kuimba na kuomba, na mihogo yangu hawakuibakiza. Kazi hiyo niliiweza, nasema bila haya.

Basi, mwanafunzi mmoja kutoka bara, kijana wa bidii sana, alipelekwa kijiji cha Ziwani kujifunza uchungaji. Wazee wa kule wakimsifu ndipo abarikiwe kuwa mchungaji. Hajakaa sana, mzee mmoja wa kanisa akafariki. Nikaenda kuzika na wanawake wa darasa langu.

Kwetu mtu akifa, watani wake, wale wa kabila linalotaniana na lake, huja kumwigiza ili wafiwa wacheke kidogo. Bibi mmoja mtani akavaa koti la marehemu, akaketi kando ya kaburi, na mahubiri ya kijana yalipoanza, akakoroma. Watu wakabana vicheko, maana marehemu hakupata kumaliza hubiri macho wazi. Kijana akafunga kitabu. Akamwamuru bibi avue koti aondoke, hapa si ngomani. Bibi akavua, akaenda zake. Tukazika kimya.

Jioni mjane akanivuta pembeni.

“Mama mwalimu, mume wangu amezikwa bila kuchekwa, kama maiti ya kuokotwa ufukweni. Kijana wenu asirudi hapa.”

Wazee nao wakasema hivyo hivyo.

Nilimkuta kijana anafunga sanduku lake. Nikamweleza kwamba bibi yule hakumdharau Mungu, alikuwa anamlilia mtani wake kwa namna yao. Nikamwuliza, kwao bara watani hawapo? Akasema wapo, ila alidhani Mkristo anawaacha nyuma akibatizwa.

“Sasa nifanye nini, mama?”

“Kamwombe radhi bibi. Halafu siku ya kuondoa matanga ukamalize hubiri lako.”

Akaenda. Bibi alimtazama juu mpaka chini, akamwuliza, “Mkavu hivi, mama yako alikunyonyesha au alikuanika?” Lakini akakubali kuja.

Siku ya matanga bibi akaketi mkeka wa mbele, koti mwilini. Kijana akafungua kitabu, bibi akakoroma. Safari hii kijana hakukatiza. Alihubiri mpaka mwisho juu ya ule mkoromo, kisha akainama, akamgusa bega.

“Mzee, amka. Sadaka inapita.”

Bibi hakufumbua macho. “Ipite tu, mwanangu. Ikirudi uniamshe.”

Mjane alicheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani. Kisha kicheko kikageuka, akalia kwa sauti, kilio ambacho siku ya mazishi hakikutoka. Wanawake wangu wakamshika. Kijana alikaa mkekani karibu na bibi, naye anajifuta macho.

Tulipoaga, mjane akanishika mkono.

“Mama mwalimu, huyu mkavu wenu tuachieni.”

Tukamwacha. Alipobarikiwa alipewa kanisa lile lile, na siku hiyo bibi alikuja na koti lile.