Haluli ya Betri ya Msikiti

Juzi nilikwenda nyumbani, kijijini kwetu upande wa Mahege, nikamkuta mdogo wangu kibarazani amepakata betri ya sola kama mtoto mwenye homa. Haikai na chaji. Akaniambia, "Dada, hii imeshajifia, nawangoja watu wa chakavu tu." Nikaichukua, nikaigeuza huku na huku nikitafuta vifuniko vyake sita. Havikuwapo. Siku hizi betri zinakuja zimezibwa kila upande. Nikacheka peke yangu, maana nilimkumbuka bibi yetu. Kaa kitako, ndugu yangu, nikusimulie, kwani habari hii nisipoisema mimi sijui nani ataisema.

Enzi hizo umeme ulikuwa wa Kibiti mjini, sisi tulikuwa na betri. Msikiti wetu ulikuwa na betri moja ya gari, nyeusi, nzito, iliyoendesha spika. Usiidharau spika ile. Nyumba zetu zimetawanyika, wengine walikuwa mbali kwenye mashamba ya mpunga, na mwaka ule Ramadhani iliangukia masika. Wingu linatanda toka asubuhi hadi jioni, jua halionekani linapozama, na wenye saa walikuwa wa kuhesabika. Bila adhana ya spika, mtu wa mbali hajui afuturu wakati gani.

Shaabani ikiwa inaelekea ukingoni, betri ikagoma. Unaichaji, unairudisha, adhana haifiki katikati spika inakoroma. Kumbe kwa miezi kadhaa muadhini wetu, mzee mwema asiye na hila, kila maji ya ndani yalipopungua alijazia ya kisima cha msikiti. Alipoulizwa alishangaa kweli. "Maji haya tunatawadhia, yana tohara yote. Yataidhuru vipi betri?" Wanaume wakatazamana.

Jibu alikuwa nalo bibi. Alikuwa mkulima wa mpunga, hakusoma zaidi ya msahafu, lakini babu alipofariki alimwachia redio na betri yake, na betri ile aliilea miaka mingi kuliko alivyotulea sisi. Akajifunga kanga, akanishika mkono, tukaenda mpaka uwanja wa msikiti. "Kisima chetu kina munyu, chumvi ya ardhini," akasema. "Sie kinatufaa kwa udhu. Betri haiswali. Nipeni mie niitazame."

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu wa madrasa, ambaye hakuna jambo lililompita, akamwambia, "Bi mkubwa, mwenye kununua chakavu anapita kesho. Ukituharibia, tutamuuzia nini?"

"Ikinishinda, chukueni ya marehemu."

Betri ya babu ndiyo iliyokuwa redio yetu, taarabu yetu ya mchana na taarifa ya habari ya jioni. Bila hiyo bibi angebaki na ukimya wa nyumba nzima. Lakini neno lilishamtoka mbele ya kadamnasi.

Basi akaanza kazi. Maji ya mvua hakuyakinga kwenye bati. Alisema bati lina kutu. Aliweka beseni la plastiki juu ya kinu katikati ya uwanja, mvua ikajaza. Kisha akanituma dukani nikanunue haluli. Naam, chumvi ileile tuliyonyweshwa watoto tukifunga choo. Bibi alisema hii huyeyusha ukoko wa ndani ya betri, si kama munyu wa kisima. Sijafika nyumbani, kijiji kizima kimeshajua kwamba betri ya msikiti inanyweshwa haluli. "Kaeni mbali, itaharisha!" Bibi akawajibu bila kuinua kichwa: "Mtu akivimbiwa hazikwi."

Alivaa mifuko ya plastiki mikononi, akafungua vifuniko sita kwa sarafu, akamimina maji machafu yenye asidi ndani ya shimo lililojaa majivu, mengine yakamrukia kanga. Majivu yakachemka na kutoa povu, harufu ikachoma pua. "Weye kaa upande unakotoka upepo," akanifokea. Akaisuuza kwa maji ya mvua mpaka yakatoka meupe, akakoroga haluli kwenye maji ya vuguvugu, akaijaza taratibu kwa mdomo wa chupa iliyokatwa. Mjomba akaifunga kwa mpira nyuma ya baiskeli hadi Kibiti, kwa fundi wa kuchaji. Fundi akaongeza asidi kidogo, akaichaji polepole siku tatu, kama bibi alivyoagiza.

Iliporudi, adhana ya adhuhuri ikaanza vizuri, kisha ikakatika njiani. Mwalimu wa madrasa alipita mbele ya nyumba yetu mara mbili mchana ule, na mara zote mbili akaitazama redio. Bibi hakuchukia. "Mgonjwa haamki leo akaenda kulima," akasema, na betri ikarudi Kibiti.

Ilifika tena siku ya kwanza ya mfungo, alasiri, mvua ikinyesha. Magharibi ilipokaribia tulikuwa tumeshatandika mkeka. Uji wa pilipili manga unafuka, magimbi ya nazi yako kwenye sinia, tende kila mtu yake. Spika ikakohoa, kisha adhana ikatoka, safi, ikavuka mashamba. Sisi tukaingiza tende kinywani. Bibi hakuingiza. Alisimama mlangoni na tende yake mkononi, yeye aliyekuwa akitufundisha kuwa kuharakisha futari ni sunna. Nikamwambia, "Bibi, futuru." Akanionyesha kidole, ningoje. Adhana ikaenda, ikaenda, ikafika neno la mwisho, haikutetereka. Ndipo akala.

Kesho yake mwalimu wa madrasa alikuja na betri yake ya nyumbani begani. "Bi mkubwa, na hii nayo imevimbiwa." Nilivimba kichwa mwezi mzima.

Bibi hayupo, kinu hakipo, na msikiti una betri ya kuzibwa ambayo ikifa hutupwa. Mimi nimebaki na kanga yake yenye matundu ya asidi, na sijaruhusu mtu ayatie kiraka. Nami Ramadhani ikija, watoto wangu hunishangaa. Adhana ya magharibi inaanza, wao wanakula. Mimi nasimama mlangoni na tende yangu mkononi, mpaka neno la mwisho.