Tisini Yangu ya Mwatate

Naungama hapa kwa sababu nyumbani nimeshaungama kwa lazima.

Wiki jana binti yangu Wakesho alirudi nyumbani Kaloleni, hapa Voi, na alama thelathini na moja za hesabu. Darasa zima walikuwa wamelinganisha karatasi.

"Mama, hesabu naacha. Sina kichwa."

Mimi nauza nyanya sokoni Voi. Najua mteja akianza kuondoka lazima useme kitu.

"Mimi mama yako nilipata tisini."

"Wapi!"

Nikaleta ushahidi, karatasi ya mtihani niliyoitunza tangu shule Mwatate. Kuishika tu, nikatuona wasichana wanne tumebanana dawati moja, kila mtu amekunja pembe yenye alama, "onyesha wewe kwanza," tunacheka mpaka machozi. Kufeli kulikuwa kutamu tukiwa wengi.

Ukweli ni kwamba nilipata sita. Mwalimu aliandika 06 ili tusiongeze namba mbele. Lakini 06 ukiigeuza miguu juu inasomeka 90, na marehemu baba yangu, aliyejua namba tu bila kusoma herufi, aliikubali bei hiyo bila kubishana.

Wakesho hakukubali. Aliinyakua karatasi, akaona jina langu limesimama kwa kichwa, akaigeuza.

"Sita, mama?"

Akaanza kukunja vidole.

"Sita mara tano, thelathini, inabaki moja. Mama, nimekushinda mara tano!"

Nilipiga hesabu hiyo mara mbili nikitafuta kosa. Halikuwepo.