Tulivyozuia virusi kwa kuvua viatu mlangoni, Kisumu miaka ya tisini

Wakuu, habari za huko mliko.

Hii naandika nikiwa timamu, sijaonja kitu, na ilitokea hivi hivi. Majina tu nimebadilisha, maana wahusika wengine bado tunapatana kwenye matanga.

Miaka ya tisini nilikuwa opereta wa kompyuta Kisumu mjini, karibu na stendi. Ofisi ndogo, mashine moja, printa moja yenye kelele za posho mill. Mwenyewe alikuwa Baba Njeri, mfanyabiashara aliyehamia kutoka mkoa wa Central.

Kazi yetu kubwa ilikuwa programu za mazishi, yale makaratasi ya ratiba na majina ya familia yanayosomwa kaburini. Upande wetu wa ziwa mtu anaweza kuishi maisha yake yote bila kuandikwa popote, lakini siku ya kuzikwa lazima aandikwe vizuri.

Sasa security.

Baba Njeri alienda semina ya kompyuta ya siku moja, akarudi na neno moja tu: virusi. Akatafakari, akaamua virusi huingia na vumbi. Basi sheria ikatoka: hakuna kukanyaga ndani na viatu! Tukaweka rafu mlangoni. Chifu alivua. Pasta alivua, soksi ina tundu, tukaangalia pembeni kwa heshima.

Msinicheke. Hata vyuo vya kompyuta vya wakati huo vilikuwa na sheria hiyo.

Disketi je? Disketi ilitoka mfukoni mwa mtu yeyote ikaingia kwa mashine bila kuulizwa hali.

Password ilikuwa jina la binti wa Baba Njeri. Jina hilo hilo ndilo lilikuwa la duka, limepakwa rangi nyekundu juu ya mlango, unalisoma ukiwa ng'ambo ya barabara.

Na backup tulikuwa nayo, tusidharauliane. Kila faili nilihifadhi mara mbili, ndani ya mashine ile ile. Ni sawa na kuficha ufunguo wa akiba ndani ya nyumba uliyoifunga.

Basi mzee mmoja wa Kombewa akafariki, akaacha wake wawili. Kazi ya programu ililetwa na Ochieng', kijana mkubwa wa mikayi, yaani mke wa kwanza. Ochieng' alitaka nyumba ya pili iandikwe mstari mmoja tu: "na watoto wengine."

Ukoo ulikaa vikao vitatu ukakataa. Wazee wakaamua watoto wote watano wa Mama Atieno, mke wa pili, waandikwe majina kamili, hadi yule wa mwisho aliyekuwa bado ananyonya. Si mambo ya urembo haya. Jina lako lisiposomwa pale kaburini, siku ya kugawa shamba utaulizwa wewe ni wa nani.

Jumatano Mama Atieno alikuja kuhakikisha. Alikuwa na haraka, akaingia na malapa yake miguuni. Akasoma kwenye skrini, akasema, "Kijana, nipatie karatasi moja nikae nayo."

Nikamchapia shingo upande, maana karatasi zilihesabiwa. Akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo, akaenda.

Alhamisi mchana Baba Njeri akatoka kwenda kula. Rafiki yangu wa mtaa wa Manyatta alikuwa amenipa disketi ya game ya magari. Nikavua viatu, nikavipanga kwa rafu kama mtu mwenye adabu, nikaingiza disketi.

Ijumaa asubuhi mashine ikakataa kuamka. Skrini nyeusi. Tukahangaika nayo weee, mwishowe ikawaka, lakini ndani hakuna kitu. Orodha ya majina hakuna, na "backup" yangu hakuna. Mazishi ni kesho.

Baba Njeri akauliza, "Nani ameingia na viatu hapa?"

Nami, Mungu anisamehe, nikajibu, "Ni yule mama wa Kombewa. Jumatano."

Ochieng' akafika kuchukua kazi yake. Aliposikia, sikuona huzuni hata kidogo usoni. "Huyo mama amekuja kuharibu makusudi! Lakini hakuna shida, omera, ndugu yangu. Andika tu, mimi najua watu wetu."

Tukaazima taipureta ya jirani. Akanisomea nyumba ya mama yake yote, mpaka wajukuu. Kufika nyumba ya pili akasema, "Mama Atieno na watoto wengine."

Nikapiga hivyo hivyo. Niliogopa kupoteza kazi yangu kuliko nilivyoogopa dhambi.

Saa sita hivi Mama Atieno akatokea mlangoni. Alikuwa sokoni akinunua vitu vya kesho, na maneno yalikuwa yamemfikia huko huko. Akavua malapa, akayapanga kwa rafu, akaingia miguu mitupu.

"Wanasema viatu yangu ndio imekula majina," akasema. "Mimi hii mashine siijui. Mnisamehe. Lakini karatasi iko."

Akafungua kitabu cha nyimbo.

Wakuu, nimeaibika mara nyingi maishani, lakini ile ilikuwa ya peke yake.

"Mama, vaa viatu," nikasema. "Si wewe. Ni mimi. Niliweka game."

Ochieng' akaanza kuchunguza dari. Baba Njeri alinitazama mpaka nikahisi nimepungua kilo.

Mama Atieno akauliza, "Game ya nini?"

"Ya kukimbiza gari."

"Na ulifika?"

"Sikufika, mama."

Akacheka, mjane wa watu, akavuta kiti karibu nami. Nikapiga upya, yeye akifuata kila jina kwa kidole. Jumamosi nilisimama nyuma kabisa ya watu, nikasikia majina yote matano yakisomwa. Sioni haya kusema nililia.

Kwa hiyo, wakuu, backup ya kwanza ya maana niliyowahi kuona ilikuwa ndani ya kitabu cha nyimbo. Iko mbali na mashine, mwenyewe anajua iliko, na ikifunguliwa inasomeka.

Baba Njeri hakunifukuza. Alinifagilisha ofisi miezi kadhaa. Tukaanza kutoa copy kwenye disketi kila jioni, inalala kwake nyumbani, na kila Jumatatu ananifungulisha tuone kama inafunguka. Password akabadilisha. Ile rafu haikutupwa: viatu vikaruhusiwa ndani, disketi za wageni zikabaki mlangoni.

Leo nina duka langu. Nawaona majirani na makufuli kama ya benki, askari usiku na mchana, na password imebandikwa kwa skrini. Mfanyakazi wao aliondoka mwaka juzi, bado anaingia kwa mfumo. Update ikija, wanabonyeza "baadaye".

Haya, semeni ukweli hapa chini: huko kwenu mnawavua watu viatu gani? Na kama kuna mtu mlimsingizia, mwambieni avae.