Bendera Iliyoshonwa Bunda

Juzi redioni vijana wawili wenye sauti za kusoma sana walikuwa wanabishana. Mtu akichoma bendera ya taifa, je, aachwe kwa kuwa anatoa maoni yake, au afungwe kwa kuwa ameitukana nchi? Mmoja akasema bendera ni jasho la waliotukomboa. Mwenzake akasema bendera ni alama tu, na alama haisikii maumivu. Walicheka kidogo, wakapisha matangazo ya vifo. Nilikuwa nachambua mchele. Niliinuka kuizima redio kwa ghadhabu, nikaupiga ungo teke, mchele wote ukamwagika.

Baba yangu alichoma bendera. Sikusimuliwa, niliona, nikiwa nimesimama wima mikono ubavuni kama alivyotufundisha yeye mwenyewe.

Kwetu palikuwa vilimani, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu hadi Bunda. Baba alilima pamba, alikuwa na ng'ombe wa kutosha kuitwa mtu, na hakuwahi kukaa darasani. Mwaka wa Uhuru wenzake walipouza pamba walirudi na baiskeli, au mabati, au kitenge cha mama watoto. Yeye alirudi na bendera. Mama alinuna hadi mvua za masika, maana kitenge chake kilikuwa kimegeuka kitambaa cha kutundikwa juu ya mti. Ilipokuja bendera ya Muungano, baba alirudi kwa fundi aliyeshona ile ya kwanza, Mwislamu mmoja mpole aliyekuwa na cherehani kwenye baraza la duka pale Bunda, akashonewa nyingine. Mama akanuna tena.

Baba alikuwa ameona bomani Musoma jinsi askari wanavyopuliza filimbi bendera inapopanda na inaposhuka, na jinsi kila mtu anavyosimama pale alipo, mwenye mzigo kichwani na mwenye baiskeli, hadi filimbi ya pili. Basi akaileta desturi hiyo nyumbani. Alinunua filimbi, akachimbia mlingoti katikati ya mji wetu, kati ya zizi na kihenge. Asubuhi filimbi, jioni filimbi. Sisi watoto tulisimama na vibuyu vya maziwa mikononi. Ng'ombe tu ndio hawakusimama, na baba aliwasamehe kwa sababu hawakusoma. Majirani walimtania, "Bwana Bomani," lakini wakipita saa ya filimbi walisimama, nao wakijifanya wanatania.

Bendera ikilowa mvua ilikuwa na kamba yake peke yake. Ole wake atakayeanika gauni karibu nayo. Siku moja dada yangu alitundika kanga pale, baba akaitoa kwa ncha za vidole, akasema, "Hii sio nguo, mwanangu. Hii ndio sisi." Dada alicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nampenda baba kwa ujinga wa mtoto wa kike anayefanana naye uso.

Ujamaa ulipokuja, nani angekuwa balozi wa nyumba kumi kama si yeye? Aliupenda. Alisema watu wakikaa pamoja, maji yatakuja, zahanati itakuja, na sisi watoto hatutapanda mlima tena kwenda shule. Alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba watu wahamie kwenye kijiji kipya kando ya barabara ya Mwanza. Wengi hawakutaka. Wazee walisema makaburi hayahamishwi. Baba aliwajibu bila ukali hadi wakalainika, na sharti lao likawa moja: wavune mtama kwanza, ndipo wahame. Baba alilipeleka sharti hilo kwa katibu wa tarafa. Katibu akasema sawa, vuneni. Baba akarudi akiimba.

"Na hao wa serikali wasipongoja?" mama alimuuliza.

"Watangoja. Na hata wakija na moto kama kwingine, nyumba yenye bendera haichomwi. Wataanzaje?"

Alikuwa anaamini. Na kwa kuwa yeye aliamini, nyumba zote kumi ziliamini.

Walikuja asubuhi, bendera ikiwa imeshapanda, mtama ukiwa shambani bado unajaza, kihenge kikiwa na akiba ya mwaka uliopita. Mgambo walikuwa wengi, wengine tuliwajua, mmoja alikuwa amekula kwetu. Mkubwa wao alimwambia baba muda wa kuvuna umekwisha, operesheni haingoji mtama. Baba akamwambia kuhusu ahadi ya katibu. Mkubwa akasema katibu amehamishwa. Nyumba ya jirani ilikuwa imeshaanza kutoa moshi.

 Baba alinyoosha mkono, akaonyesha mlingoti.

Yule mkubwa akatazama juu. Nakumbuka vizuri uso wake, uso wa mtu aliyesahau jambo la muhimu. Akawageukia wenzake, akawafokea wasimame sawasawa. Akamwomba baba filimbi. Akapuliza. Mgambo wote wakasimama wima, mienge yao ya nyasi ikiwaka mikononi. Nasi tukasimama, mama, dada, mimi, na baba mwenyewe kifua mbele. Bendera ikashuka polepole, kwa heshima zote. Yule mkubwa akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, akamkabidhi baba kwa mikono miwili. Filimbi ya pili ikalia. Halafu wakachoma nyumba.

Tangu siku hiyo mtu akiniambia habari ya heshima ya bendera, mimi naona mienge ile inavyongoja filimbi.

Paa la nyasi kavu halichelewi. Kihenge kilifuata, na harufu ya mtama unaoungua ni kama ya chakula kinachopikwa, tumbo langu likanisaliti likanguruma. Mama alikuwa anapiga mayowe. Baba alisimama na bendera yake mikononi kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshike. Kisha akatembea hadi kwenye moto. Akaikunjua, akaitazama, akaishika kwa pembe moja na kuiacha ishike moto hadi karibu na vidole. Hakutukana, hakupiga kelele. Ilipokwisha akapangusa mikono kwenye suruali, akamgeukia yule mkubwa wa mgambo.

"Sasa tumelingana," alimwambia.

Walimfunga kamba palepale. Kwa nyumba kumi zilizochomwa hakukamatwa mtu.

Sisi tulipelekwa kijijini kando ya barabara, tukapewa kiwanja kwenye mstari. Kwa kuwa mkubwa wa nchi alikuwa mtu wa kwetu, wa Butiama, mama aliamini akifika huko na kueleza, mambo yatakwisha. Tukaenda, tukalala njiani kwa watu, tukafika Mwitongo, nyumbani kwake. Mtu mmoja wa pale alitukaribisha, akatupa uji, akamsikiliza mama mpaka mwisho bila kumkatiza. Akasema mwenyewe yuko Dar es Salaam, na kesi iko mahakamani, na jambo la mahakama huachiwa mahakama. Alitusindikiza hadi barabarani. Angetufukuza, ningekuwa na mtu wa kumchukia. Upole wake ulinikatisha tamaa moja kwa moja.

Kesi ilisikilizwa Musoma. Shitaka lilikuwa kuichoma bendera ya taifa kwa nia ya kuidharau, na kila mtu alijua adhabu yake ni jela. Lakini kulikuwa na tundu, na aliyeliona ni fundi wa Bunda. Alikuja kwa basi kwa hiari yake, kofia yake ya kufumwa kichwani, akasema anataka kuwa shahidi wa baba.

"Ndugu Hakimu," alisema, "ile mimi ndio nilishona. Ile haikuwaga bendera."

Hakimu akamuuliza ilikuwa nini.

"Kitambaa tu. Ile bluu ni mabaki ya sare za shule. Nyeusi ni kaniki. Njano nilichana bitana ya koti. Hakuna hata rangi moja ilitoka serikalini. Na ule mstari mweusi, Ndugu Hakimu, naona haya kusema, niliushona ukaenda upande usio wake. Nilimwambia nifumue, akasema acha, anachelewa kukamua."

Watu wakacheka. Hakimu naye akainamisha uso kuficha kicheko. Alikuwa mtu mzima mwenye uchovu, na niliona kabisa anapata nafuu, kama mtu aliyeonyeshwa mlango. Akamgeukia baba, sauti yake imeshuka.

"Mzee, umemsikia shahidi wako. Kama ni kitambaa, basi hakuna kesi hapa. Nakuuliza, na ufikiri kabla ya kunijibu. Ulichoma bendera ya taifa, au ulichoma kitambaa chako?"

Mama alikuwa benchi la nyuma. Akasahau yuko wapi. "Sema kitambaa, baba watoto! Sema tu, twende nyumbani!"

Hakimu hakumkemea.

Baba alimtazama fundi kwanza. Sijawahi kumwona mtu akimtazama rafiki aliyekuja kumwokoa kwa uchungu namna ile. Fundi akainamisha kichwa.

"Ilikuwa bendera," baba alisema.

"Mzee."

"Ndugu Hakimu, asubuhi na jioni nilikuwaga naisimamia. Watoto wangu waliisimamia. Hawa wa mgambo, nao siku ile waliisimamia, au hawakusimama? Ingekuwa kitambaa, kwa nini wasimame? Mimi nimechoma bendera. Kwa akili zangu. Nyumba walichoma wao. Tusichanganye mioto."

Nilimchukia dakika ile. Nilimchukia kwa niaba ya mama. Neno moja, neno dogo ambalo lisingemnyima mtu yeyote chochote, na angelala kwetu usiku ule. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba kwake halikuwa dogo. Kama ni kitambaa, basi siku ile mbele ya moto hakuwa amesema kitu. Alikuwa mzee aliyechoma tambara kwa hasira. Maneno yake yote, kwa mtu asiyejua kuandika wala kuhutubia, yalikuwa katika bendera ile, na ili yahesabike, ilibidi awe na kosa.

Wale vijana wa redioni hawakufika hapo. Wanauliza mtu alindwe au asilindwe, kana kwamba bendera huchomwa na asiyeijali. Asiyeijali ana kazi zake. Ningekuwa na namba yao ningewaambia walindeni, ndiyo, walindeni hao, kwa sababu hakuna anayeitaka nchi kuliko wao. Kisha ningekata simu, maana najua haisaidii. Sheria ingemlinda baba na jela. Na moto, ingemlinda nani?

Alifungwa. Mama alikuwa akimpelekea samaki furu wa kukaanga siku walizoruhusu, akirudi nao nusu. Fundi wa Bunda alikufa baba akiwa gerezani, na nadhani hawakuwahi kupatana.

Aliporudi, kijiji kilikuwa kimeshazoeleka. Maji hayakuwa yamekuja. Zahanati ilikuwa na jengo, haina dawa. Mwenyekiti wa kijiji, kijana mwenye heshima zake, hakutaka kumwonea. Alisema tu kwamba ili watu wasiendelee kusema, mzee awe ndiye wa kupandisha na kushusha bendera ya ofisi ya kijiji. Ya serikali safari hii, imetoka kiwandani, kila mstari upande wake. Nilingoja baba akatae. Nilikuwa hata nimemwambia mama afunge virago.

Akasema, "Haya."

Akaifanya kazi hiyo hadi uzee wake. Hakukosa hata siku moja. Watu walimsifu, wakasema jela imemfundisha, mzee amerudi kundini. Viongozi wageni wakija, walionyeshwa yeye.

Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu huko Suguti. Likizo moja nilifika kijijini jioni, mvua kubwa ikiwa imetoka kunyesha. Nikiwa barabarani na begi langu nikasikia filimbi. Nikasimama. Mwenye baiskeli mbele yangu akashuka, akasimama. Wanawake waliotoka kisimani wakasimama na ndoo zao. Kule ofisini nilimwona baba, mwembamba, akivuta kamba. Filimbi ya pili ikalia, sote tukaendelea na safari zetu.

Baba alipofika nyumbani bendera ilikuwa imelowa chepe, chini ya kwapa lake. Mama alikuwa ameanika nguo tena baada ya mvua: kitenge chake, suruali ya baba, nepi za mtoto wa dada. Baba akasogeza nepi, akaitupia bendera katikati, akaanza kwenda zizini.

Nilisikia mikono yangu inakwenda yenyewe kuitoa.

"Baba," nilisema, "si ulikuwaga unatukataza? Bendera haianikwi na nguo."

Akageuka. Alinitazama kwa upole, kama mtu anayejaribu kukumbuka huyu ni mtoto wake yupi.

"Iache hapo, mwanangu," alisema. "Ni kitambaa tu."