Kumpeleka Zaituni kwa Bibi Yake Songea

Tarehe kumi na mbili Mei, mwaka 1993, nilimzika mke wangu Salma hapa Namasakata. Homa ilimshika Jumamosi, Jumatano tukamzika. Kwao aliitwa Skolastika. Alikuwa Mngoni wa Songea, aliyekuja Tunduru miaka ile biashara ilipofunguliwa, akinunua mchele na kuupeleka kwao. Tulipokutana safari zake zikapungua, na tulipooana zikaisha.

Baada ya arobaini, dada yangu Mwanahawa, ambaye ndiye mkubwa wetu, aliniita jikoni akaniambia, "Saidi, mtoto ana kwao." Hakusema kwa ubaya. Kwetu Wayao mtoto ni wa upande wa mama. Baba hulima, hulisha, hupenda, lakini mama akifariki mtoto hurudi kwa mjomba na bibi yake. Hata mimi nimewalea watoto wa dada yangu kwa utaratibu huo, sasa ningeukataa kwa sababu umenifika mimi? Zaituni alikuwa na miaka sita. Nilimwambia tunakwenda kumwona bibi. Kwamba mimi nitarudi peke yangu sikumwambia.

Ilikuwepo sababu nyingine ya kuondoka, ndogo, lakini nayo ilinisukuma. Salma alikuwa akisema kwao watu hutoa moshi mdomoni asubuhi. Miaka yote nilimcheka. Nilitaka kuona.

Tunduru mjini tulipata lori lililopakia mchele na samaki wakavu. Tulikaa juu ya magunia na abiria wengine. Barabara ilikuwa imekauka baada ya masika lakini makorongo yalibaki, na pale palipobomoka zaidi dereva alituteremsha tutembee. Msitu ulikuwa mrefu. Zaituni alihesabu nyani mpaka akachoka akalala. Jioni mama mmoja aliyekuwa akirudi kwao Lusewa alimfunika kwa khanga yake, akaniuliza mama wa mtoto yuko wapi. Nikamwambia. Akasema khanga ile nisimrudishie. Aliteremka Namtumbo, nasi tukalala hapohapo kando ya lori.

Kesho yake mchana tuliuona mlima Matogoro, umevaa wingu kichwani, na mji chini yake. Nilitegemea mji mkubwa kwa jinsi marehemu alivyousifu. Songea ni mji mdogo. Ukisimama sokoni unaona mashamba. Nyumba ni za matofali ya kuchoma, udongo mwekundu, na watu wake hawapandishi sauti. Jambo lililonishangaza ni makoti. Mzee anasukuma baiskeli yenye gunia la mahindi, naye amevaa koti refu la sufu kama anakwenda kuozesha binti.

Mshangano, pembeni ya mji, ndiko kwao Salma. Habari za msiba walikuwa wamezipata kupitia dereva wa lori, wakaweka matanga bila maiti. Mama mkwe wangu, Bibi Agata, alitoka nje akampokea Zaituni, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika anabanwa. Mimi niliinama pembeni, nikasema shikamoo nikitazama chini. Aliitikia naye akitazama kwingine. Kwetu mkwe hatazamwi usoni, na kwao vilevile. Ukitaka kumwambia neno unamtuma mtu, na mtu wetu wa kutumwa alikuwa Zaituni. "Bibi anasema maji ya moto yako bafuni." "Baba anasema ahsante." Ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Nililala nyumba ya pili, kwa Kosmasi, kaka yake marehemu. Zamani alikuwa karani wa ghala la serikali. Walipopunguzwa kazini akaanza kuuza makoti ya mitumba sokoni Bombambili, na sasa anasema baridi, inayomletea wateja, haijawahi kumpenda hivi. Wangoni ni watani wetu. Usiku ule wa kwanza, mbele ya majirani waliokuja kunipa pole, alichukua kofia yangu akaivaa, akajifanya mimi ninalia, huku akipigapiga mbu wasiokuwepo. "Mmemuua dada yangu kwa joto," akasema. "Babu zetu waliwakimbiza mkapanda mlimani, kumbe mlikuwa mnangoja kulipiza kwa mbu." Nikamjibu kwamba mlima wenyewe babu zake hawakuupanda. Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu Mei.

Asubuhi ya kwanza nilitoka nje kabla jua halijatoka. Ukungu ulikuwa umefunika migomba. Nikafungua mdomo, nikapuliza. Moshi ukatoka. Nikapuliza tena. Nilisimama pale muda mrefu nikipuliza kama mpumbavu, maana wa kumwambia kwamba alisema kweli hakuwepo.

Siku zilizofuata nilikaa kama mtu wa pale. Watu wa Songea huanza kazi jua likishapanda kidogo, wakiwa na vikombe vya uji mkononi. Kwa baridi ile maharage yao huiva polepole, lakini mbu hakuna, na chandarua sikukitumia hata siku moja. Jumapili kengele ya kanisa inalia na karibu mji wote unatoka, na mimi Ijumaa nilipata msikiti na watu wa kuswali nao. Jioni moja nilisikia ngoma, nikafuata mlio. Wanaume walikuwa wanacheza lizombe, ngoma ya Wangoni, wengine wazee kuliko baba yangu. Walicheza wamejikaza kama watu wanaokwenda vitani kweli. Kosmasi aliniambia wapo ambao babu zao walinyongwa na Wajerumani wakati wa vita vya Majimaji, hapahapa mjini. Alisema hivyo akiwa hana utani.

Kila siku nilingoja nikabidhiwe neno. Kwetu, mtoto akiletwa, mjomba huita watu, husema tumempokea, na baba huondoka. Kosmasi hakuita mtu. Nilimwona Bibi Agata barazani akifumua sweta ya zamani ya Salma, akiifuma upya ndogo. Nikajiambia, basi, anamvika mtoto kwa ajili ya baridi ya huku. Imekwisha. Lakini neno halikuja, na wali ulipopakuliwa, sahani ya Zaituni iliwekwa karibu na yangu kama ya mgeni.

Wiki ya tatu nilikwenda Bombambili kumsaidia Kosmasi kutundika makoti. Alikuwa anaendelea na utani wake, akasema hata yeye ana damu ya kwetu. Mama wa bibi yake mzaa mama alitekwa huko Tunduru enzi za vita, akaolewa Ungonini.

"Mama, bibi, na huyo aliyetekwa," nikamwambia, "basi wewe ni Myao mtupu. Kwetu mtu hufuata mama."

"Huku tunafuata baba. Mtoto ni wa baba, hata mama awe malaika."

Nikaacha koti nililoshika. Nikamuuliza, "Zaituni ni wa nani?"

"Ni wako. Wa nani mwingine?"

"Mimi nimemleta kwenu, shemeji. Kwetu ni wenu."

Kosmasi aliketi juu ya furushi. Hapo tena sikuona utani machoni pake. "Mama halali," akasema. "Anasema Saidi haondoki, hasemi, anamtazama mtoto kama mtu anayetaka kumtupa. Anajiuliza tumekukosea nini. Angependa abaki naye, ampate Skola tena, lakini ataombaje mtoto wa watu?"

Nikamwambia sisemi kwa sababu sina haki ya kusema.

"Na yale magunia ya mchele uliyoyatuma ulipomuoa," akasema, "ulidhani ya nini? Ya pilau?"

Mimi nilidhani ni shukrani. Kwao yalikuwa mahari. Kwa mchele ule, watoto wote ambao dada yake angewazaa walikuwa wangu. Salma alilijua hilo, na la kwetu alilijua pia, maana aliishi nasi. Labda alidhani hatutalihitaji mapema.

Jioni ile Kosmasi aliingia kwa mama yake, mimi nikabaki uani. Niliwasikia wakiongea Kingoni, kisha Bibi Agata akilia taratibu. Sikujua analia kwa lipi. Baadaye alisema kwa Kiswahili, kutoka ndani, kwa sauti ya kunifikia, na hakumtuma mtoto.

"Baba Zaituni, unamtaka mwanao?"

"Namtaka, mama."

"Basi ngoja nimalize mikono ya sweta."

Tulingoja siku mbili. Siku ya kuondoka alitusindikiza mpaka kwenye malori, mwendo mrefu kwa mtu wa umri wake. Mtoto alikuwa amevaa sweta. Bibi Agata alimshika mkono Zaituni, akauweka katika mkono wangu, na vidole vyake vikagusa vyangu. Akasema nimlete tena kipupwe kijacho. Nikaitikia. Moshi ulitutoka midomoni sote watatu, na Zaituni akacheka.

Kwa safari ya kurudi Kosmasi alikuwa ametufungia viazi na maharage, na abiria walitutania kwamba tumelihamisha soko. Kadiri tulivyoteremka, joto liliongezeka. Tulipofika Tunduru watu wote walikuwa wamevua makoti, lakini Zaituni alikataa kuvua sweta.

Namasakata tuliingia jua likizama. Mwanahawa alikuwa jikoni, sufuria ya maji ya ugali motoni. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Wamemkataa?"

"Hapana, dada. Wamenipa."

Aliitazama sweta ile kwa muda, sweta katika joto lile. Akachota maji kwa kata, akaongeza kwenye sufuria.