Shujaa wa Mukono Murefu

Ile karatasi niliipasua mimi, kwa mikono yangu hii hii, na sitafuti muntu wa kumusingizia. Tulikuwa wasichana watatu tuliochora bedé moja, hadithi ya picha, kwenye kaye moja, daftari la shule: mimi, dada yangu, yaani mutoto wa baba mukubwa, na mwenzetu mumoja wa klase, binti wa mufanyabiashara wa upande wa Butembo aliyekuwa na duka pale Masisi. Kaye ilitoka kwenye duka hilo. Kila shujaa alikuwa na mwenyewe, lakini wote walikaa dunia moja, milima hii yetu mpaka misitu ya Walikale. Mvua ikinyesha kwenye ukurasa wangu, basi kwenye ukurasa wa mwenzangu njia iko na matope. Hapo sikuwa na muchezo hata kidogo.

Shujaa wangu alikuwa mama mwenye kubeba muzigo wowote kwa kamba ya kichwani. Barieri zote, vile vizuizi vya barabarani vya wenye bunduki, alipita, lakini kila akipita ile kamba ilizidi kumukata kipaji cha uso. Wa binti yule alikuwa shofere wa njia ya Walikale, kama baba yake, aliyeendesha mwenyewe gari la duka: gari la shujaa huyo halikwami, lakini kila akifika nyumbani anakuta familia imeshakimbia. Tulimucheka sana huyo shofere, maskini. Dada, aliyetushinda wote kwa kuchora, alitutengenezea milima na nyumba. Yeye mwenyewe alikuwa bado anatafuta shujaa wake.

Sheria ziliandikwa ukurasa wa kwanza, na mimi njo nilizishika. Ya kwanza: shujaa haruki, sababu kinachoruka juu yetu kazi yake tunaijua, ni kutupa mabomu. Ya pili: risasi inamuingia kama inavyotuingia sisi. Ya tatu: aliyekufa, amekufa. Ukurasa ukikubaliwa, niliandika chini yake kwa biki nyekundu «Vu», kama walimu wetu wanavyoandika kuonyesha kwamba wameona. Bila Vu yangu, ukurasa hauko kwenye dunia yetu. Nilikuwa na miaka kumi na sita na kichwa kigumu kushinda cha mukubwa wa shule.

Mwaka huo mulima ulimuangukia kaka yake dada kule Rubaya, ndani ya shimo la madini ya koltani. Wenzake walichimba kwa majembe, kisha kwa mikono. Siku ya ine wakaacha, kwa maana juu yao mulima ulianza kupasuka tena.

Kwetu, muntu ambaye mwili wake hauonekani tunamuzikia mugomba. Unakatwa kwa urefu wake, unavalishwa nguo yake, unalazwa kaburini, ili familia ipate kulia na kuinuka. Wazee wakaleta mugomba. Dada akautazama, akapiga kelele mbele ya kilio chote: «Kaka yangu haikuwa mufupi hivi!»  Wazee wakaenda kukata mwingine. Mimi nilibeba upande wa miguu, maji ya mugomba yakachafua kikwembe changu na doa halikutoka tena. Alikuwa kaka yangu pia, sitaki muntu asahau hilo.

Wiki mbili baadaye dada akaja na shujaa wake. Mwanaume wa kawaida, mwenye bote za mupira, lakini mukono wake mumoja unaingia ndani ya udongo mpaka unapotaka. Anatia mukono, anatoa watu wazima. Kwenye picha ya mwisho kaka amekaa juu ya majani, anapangusa muchanga machoni.

«Haingii,» nikasema.

«Sababu gani?»

«Sheria ya tatu. Tena si sheria tu. Angalia ukurasa wa tisa: yule mama wangu wa kamba anazika mutoto wake. Huyu wako alikuwa wapi siku hiyo? Alilala? Ukimuingiza, kila muntu aliyekufa kwenye kaye hii amekufa kwa uvivu wake.»

Nilijisikia mwenye akili kweli kweli. Na niseme ukweli, mpaka leo naona kwamba jibu lile lilikuwa sawa. Binti wa mufanyabiashara alitazama viatu vyake. Dada akachukua karatasi yake, akaenda.

Kesho yake akarudi na karatasi nyingine. Mwanaume yule yule, bote zile zile. Lakini sasa hatoi muntu. Amelala kifudifudi juu ya mulima, mukono umezama mpaka kwenye bega, na kule chini kabisa umeshika mukono wa kaka. Basi.

«Sijamufufua,» akasema. «Huyu haruki. Risasi inamuingia. Anashika tu, ili kaka asikae kule peke yake. Sasa anaingia?»

Nikaangalia. Alikuwa amechora hata ukucha wa kaka, ule uliovunjika tangu utoto. Hasira ikanipanda, sijui ilitoka wapi. Hapana, najua. Tangu siku ya mugomba sikuwa nimelia hata kidogo, na ile picha ilikuwa karibu kuniliza mbele yao.

«Nguvu gani hiyo?» nikasema. «Shujaa wa kushika mikono! Anasaidia nini?»

Nikaipasua mara mbili, kisha mara ine. Dada aliokota vipande kimoja kimoja. «Aksanti, dada,» akasema. Tangu siku ile hakuchora tena kwenye kaye yetu, hata kijumba, na mimi sikumuomba radhi.

Halafu vita ikatukuta. Binti wa mufanyabiashara alimufuata baba yake Walikale, na mpaka leo hatujui kama walionana. Sisi tulikimbia na kaye ndani ya sufuria, tukapita Sake, tukapita Mubambiro, tukalala kwenye mahema. Juma moja la mvua mama akakosa cha kuwashia moto, akachukua kaye. Sikubisha. Watoto walikuwa na njaa.

Tuliporudi, niliolewa kijiji cha Muheto, na dada akapata kazi ya kufundisha kwenye shule ya hapo hapo. Tulilima pamoja, tulikula pamoja, tuliulizana habari za watoto. Kuhusu kaye, hakuna aliyefungua kinywa.

Musimu uliopita maharagi yetu yalivunwa na watu wenye bunduki. Mume wangu akasema, «Wiki tatu tu Rubaya, nitarudi na mbegu.» Nilimukataza. Nilimukataza mbele ya mama yake, Mungu iko shahidi. Wiki ya pili mulima ukaanguka. Siku ya tano wakaacha kuchimba.

Asubuhi wazee wakasimama shambani na panga. Baba mukubwa akaniuliza polepole: «Mwanangu, alikuwa anafika wapi?» Nikainua mukono juu ya kichwa changu, kidogo tu. Hapa. Wakakata, na safari hii haukuwa mufupi.

Walipoulaza kwenye mukeka, mimi nilikuwa na wazo moja tu. Mume wangu hakuweza kupata usingizi bila kuongea na muntu. Hata nikiwa nimechoka namna gani, alikuwa ananigusa bega: umelala? Sasa nani atamujibu kule? Nikamugeukia dada.

«Yule shujaa wako, wa mukono,» nikasema. «Nichoree.»

Akaniangalia sana. «Karatasi ulipasua weye.»

«Najua. Unisamehe, dada.»

«Miaka yote hii nilingoja hilo neno.»

Nikafikiri anakataa, na alikuwa na haki. Lakini alifungua sakoshi yake ya mwalimu, akatoa biki, akapiga magoti kwenye mukeka. Ganda la mugomba mubichi linashika wino vizuri. Tulipokuwa wadogo tuliandika juu yake majina ya watu tuliogombana nao. Pale ambapo kiganja cha mume wangu kingekuwa, dada akachora kiganja. Hakuniuliza kitu, kidole gumba kilichopinda alikikumbuka mwenyewe. Kisha akachora mukono mwingine, murefu, unaotoka juu kabisa ya mugomba, unashuka, unashika ule wa chini. Wazee walingoja na shati mikononi. 

Alipomaliza, akatafuta tena kwenye sakoshi, akanipa biki nyekundu ya kusahihishia.

«Anaingia?» akauliza.

Ncha ikakwaruza ganda. Niliandika chini ya vile viganja viwili, herufi mbili: Vu. Kisha wazee wakamuvalisha shati, wakafunga vifungo vyote, wakamushusha.